Nani anamfundisha mtoto wa Pweto kuandika ku Lubumbashi?

Kila mwaka, kiisha matokeo ya Exetat, familia nyingi za Pweto zinaanza kufanya hesabu ileile: pesa ya njia, nyumba ya kulala ku Lubumbashi, minervali, unga wa mwezi wa kwanza. Mvua ikishaanza, barabara inakuwa matope na bei ya njia inapanda. Hesabu hiyo wazazi wanaijua vizuri. Kitu kimoja hakiingii ndani yake: ni nani atamfundisha mtoto kuandika.

Maana ku iniversite, hata yule anayesoma haki, uchumi ao kilimo anakutana mwanzoni na kozi ya kusema na kuandika kwa Kifaransa. Kwenye karatasi ni kozi ndogo. Lakini kila kitu kinachokuja nyuma kinakaa juu yake: majibu ya mtihani, ripoti ya staji, na siku ya mwisho kazi ya kumaliza masomo, ile TFC ambayo imewatoa wengi jasho. Mwanafunzi asiyejua kupanga wazo lake kwenye ukurasa anaweza kufahamu kozi zote na bado akaanguka.

Mtoto wa Pweto anafika hapo na mzigo wake. Nyumbani Kibwile, Kizela ao Kibemba, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa. Na kuna wengine wenye njia ndefu zaidi. Vita ilipofika Pweto mwezi wa Desemba 2000, watu wengi walivuka kwenda Zambia na kukaa miaka kwenye kambi za Kala na Mwange. Tangu 2017 wengine tena walikimbilia Zambia, mpaka Mantapala. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiingereza upande ule wa ziwa Moero, kiisha akarudi kumalizia sekondari kwa Kifaransa upande huu, si mtoto mjinga. Ameanza kuandika mara mbili, na hakuna mara moja aliyopewa muda wa kumaliza.

Sasa, nani anampokea? Kwenye iniversite za Kongo ngazi ya mwalimu ni moja tu. Mtu anaanza asistanti, kwa mandat ya miaka miwili inayoweza kurudiwa. Anapanda kuwa CT. Akishatetea doktora njo anaingia kwenye mlango wa maprofesa: profesa associé kwanza, kiisha profesa, mwisho profesa ordinaire. Ni ngazi nzuri ikiwa inapandika. Shida iko katikati, kati ya CT na doktora. Doktora inaomba vitabu vipya, safari, wakati wa kukaa na kuandika, na pesa ya kulipia hatua zote mpaka siku ya kutetea. Anayefundisha kompyuta ao jiolojia anaweza kupata kazi ya pembeni kwenye kampuni ya migodi. Anayefundisha fasihi, kampuni itamuita kufanya nini? Anabaki na masaa ya kufundisha shule za sekondari, na silabusi za kuuza.

Juu ya silabusi, wanafunzi wanalalamika kila mwaka, na wana haki. Viongozi wamekataza mara na mara kuwalazimisha wanafunzi kuzinunua. Lakini katazo peke yake haliulizi kwa nini mwalimu anauza. Kuna walimu wanaofundisha miaka bila kuandikwa kwenye listi ya mishahara ya serikali. Hao watu wanasema «hawajawa mekanize». Wanaishi na primu inayotoka kwenye minervali ya wanafunzi walewale. Mtu wa namna hiyo ukimunyang'anya silabusi bila kumupa mshahara, hujamaliza shida, umeihamisha tu.

Kozi ya kuandika inaumia zaidi ya zingine kwa sababu moja: haifundishwi kwa mdomo. Inafundishwa kwa kusahihisha. Mwanafunzi anaandika, mwalimu anasoma, anaweka alama, anaonyesha mahali wazo limekatika, anarudisha, mwanafunzi anaandika tena. Ikiwa darasa lina watu 400 na kila nakala inaomba dakika 15, ni masaa 100 kwa zoezi moja. Mazoezi manne ni masaa 400. Nani atafanya kazi hiyo na primu isiyofika kwa wakati? Kwa hiyo mtihani unageuka kuwa maswali ya kuchagua jibu, ao maana za maneno za kukariri: taja aina za aya, taja kazi sita za lugha. Mwanafunzi anapata 14 kwa 20 na hajaandika ukurasa hata moja.

Kiisha anafika kwenye TFC. Pembeni ya kampasi nyingi, kwenye vibanda vya fotokopi, kunakuwa na vijana wanaojua kuitengeneza haraka kwa bei. Sasa hata simu inaandika. Lawama zote zinamwendea mwanafunzi, lakini hakuna mtu aliyerudisha nakala yake na alama nyekundu hata siku moja.

Haikuwa hivi wakati wote. Iniversite ya Lubumbashi ilifungua milango 1956, wakati mji ungali Élisabethville. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha iniversite zote za inchi kuwa moja, UNAZA, na masomo ya fasihi, lugha na historia yakapelekwa ku Lubumbashi. Kwa miaka michache mji wa shaba ulikuwa pia mji wa maandishi. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi 1941, alikuja kufundisha pale na akawa mkuu wa kitivo cha fasihi. Georges Ngal alifundisha pale naye, na mwaka 1975 akatoa ku Lubumbashi riwaya yake «Giambatista Viko», juu ya profesa mwenye kiburi anayetafuta kuandika riwaya kubwa ya Afrika. Wenzake wengi walijitambua, na haikuwafurahisha wote.

Wakati ule pia Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia, alikuwa anafundisha kwenye kampasi hiyo na kusikiliza Kiswahili cha Katanga. Baadaye alifahamisha dunia kitabu cha ajabu: historia ya Élisabethville iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa Kiswahili cha mji, kwa ajili ya watu waliokuwa maboyi kwenye nyumba za wazungu. Hakuna profesa aliyewafundisha namna ya kuandika. Waliandika vile wanasema, na leo wataalamu wanakisoma mbali na hapa. Ni vigumu kumueleza mtoto wa Pweto kwa nini kitabu hicho si sehemu ya kozi yake ya kwanza.

Lakini ngazi ilianza kuvunjika. Karibu na 1980 Mudimbe aliondoka, wakati utawala wa MPR ulitaka kumuingiza kwenye Kamati Kuu ya chama. Alifundisha Marekani, ku Haverford, Stanford na Duke, na kitabu chake juu ya namna wazungu walivyoivumbua Afrika kwa maandishi yao, kilichotoka 1988, kinasomwa karibu kila mahali watu wanasoma mambo ya Afrika. Ku Lubumbashi kukaja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa ndani ya kampasi. Kukaja uporaji wa 1991, pesa iliyopoteza maana, na kufukuzwa kwa watu wa Kasai kutoka Katanga 1992 na 1993, walimu na wanafunzi ndani yao. Kila mara wanaoondoka ni wale wa katikati ya ngazi, wenye miaka 30 ao 40, ambao leo wangekuwa wanasimamia doktora za wengine.

Mudimbe alifariki Marekani mwezi wa Aprili 2025. Mwezi moja nyuma yake akafariki Ngũgĩ wa Thiong'o, naye Marekani. Ngũgĩ na wenzake waliomba 1968 kwamba iniversite ya Nairobi iache kuweka fasihi ya Uingereza katikati na iweke ya Afrika, na wakasikilizwa. Hiyo haikumzuia kufungwa mwisho wa 1977 na kupoteza kazi yake ya kufundisha. Waalimu wawili, inchi mbili, mwisho moja. Vitabu vya Mudimbe, vile alivyokusanya maisha yake yote, aliviachia iniversite ya Lubumbashi. Vitabu vimerudi. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1981, mwandishi wa «Tram 83», yeye anaishi Graz, ku Austria, na njo pale amefundisha fasihi ya Afrika.

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 iniversite za Kongo ziliingia kwenye mpango wa LMD, licence, master, doktora, sawa na inchi nyingi. Ni mpango unaosema mwanafunzi afanye kazi nyingi ya peke yake na mwalimu amufuate karibu. Kwa kozi ya kuandika ni jambo zuri kabisa. Ila kumufuata mwanafunzi karibu kunaomba watu, na mpango umebadilisha majina ya diploma mapema kuliko hesabu ya wasahihishaji. Upande mwingine, shule ya msingi ya bure iliyoanza Septemba 2019 imejaza madarasa. Watoto walioingia la kwanza mwaka ule watafika kwenye Exetat mwanzo wa miaka ya 2030. Asistanti atakayewapokea ku Lubumbashi kama profesa, leo angepaswa kuwa tayari kwenye doktora yake.

Kuna mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja Kinshasa. Kozi ya mwaka wa kwanza inaweza kugawanywa kwa vikundi vidogo, na wanafunzi wa master katika fasihi wakalipwa kidogo kusahihisha. Inchi nyingi zinafanya hivyo. Sekondari za Pweto zinaweza kurudisha insha ya kila wiki, hata ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kifaransa kiisha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za inchi ziingie darasani, na haikuandikwa kwa ajili ya la kwanza na la pili peke yake.

Na mzazi anayefanya hesabu ya njia anaweza kuongeza swali moja siku mtoto anarudi likizo: wamekurudishia nakala ngapi?