Miswada Bila Wasomaji

Mwaka 1970 ilichapishwa orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Miswada ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nami mhadhiri nauliza: wahitimu wetu wangapi wanaweza kuisoma?

Mkutubi wa miswada adimu hukabiliana na unyevunyevu, wadudu na wino unaofifia. Lakini asipoijua hati yenyewe, hawezi kumwongoza mtafiti, wala kutambua ukurasa uliopotea. Kuipiga picha miswada hakutoshi. Picha nayo yahitaji msomaji.

Vyuo viifundishe hati hiyo, na Serikali itenge ajira za wakutubi walioisomea. La sivyo, wajukuu wetu watasomewa urithi wao na wageni.