Mtu na Kitabu

Wako wasemao kwamba Mkatoliki hutii mtu, na Mlutheri hutii kitabu. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Laurean Rugambwa, aliyesoma katika seminari ya Rubya, alifanywa kardinali mwaka 1960 kwa neno la Papa. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba tangu 1964, alipewa urais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977 kwa kura. Njia ni mbili, kweli. Lakini Papa naye hufungwa na Maandiko, wala kitabu hakijisomi: sharti awepo mfasiri, naye ni mtu. Basi swali si nani atiiwe, bali mwenye kutiiwa hujibu kwa nani. Alikwepaye swali hilo hatetei imani, atetea kiti.