Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: MTOTO WA MIAKA MINANE MWENYE HOMA YA SIKU TATU

Ndugu Mganga Mkuu,

Mwongozo wa IMCI wa kutibu watoto, ulioandaliwa na WHO na UNICEF, unaishia miaka mitano, na humpa rufaa mtoto ambaye homa yake ya kila siku imezidi siku saba. Umeokoa wengi. Lakini yupo mtoto unayempita.

Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa MIS-C. Wiki mbili hadi sita baada ya UVIKO-19, hata kama mtoto aliugua mafua tu au hakuugua kabisa, kinga ya mwili hucharuka na kushambulia moyo, mishipa ya damu na utumbo. Huwapata zaidi watoto wa shule ya msingi, na WHO huanza kuushuku homa ikifika siku tatu. Kwa mwongozo wetu, umri umeshapita na siku hazijatimia.

Zahanati zetu tunazijua. Kipimo cha malaria kinatoa mstari mmoja, yaani hana malaria, mama anaambiwa ni UTI au taifodi, anarudi nyumbani na antibayotiki. Mtoto anatapika, tumbo linamkata, macho ni mekundu lakini hayana tongotongo. Vipele kwenye ngozi nyeusi haviwi vyekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Lazima umpeleke mtoto kwenye mwanga, upapase ngozi, utazame midomo, ulimi, viganja na nyayo. Siku mbili baadaye anarudishwa mgongoni, miguu ya baridi, mapigo yanakwenda mbio.

Hapo ndipo dripu hufunguliwa kwa kasi, na hapo ndipo naogopa zaidi. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda, Kenya na Muheza kwetu, ulionyesha kuwa watoto mahututi wenye homa waliojazwa maji haraka walikufa zaidi ya wale ambao hawakujazwa. Haukuhusu MIS-C, ila moyo ulioshambuliwa una sababu zaidi ya kushindwa kuhimili maji hayo.

Ugonjwa huu ni nadra, na umepungua tangu ilipoenea aina ya Omicron ya kirusi cha UVIKO-19. Hilo halinipi sababu ya kunyamaza. Jicho linalouona ndilo litakaloona pia ugonjwa wa Kawasaki, unaojulikana tangu 1967, ambao huharibu mishipa ya moyo ya watoto wadogo. Dawa pia ipo: immunoglobulini ni ghali mno, lakini steroidi, ambazo WHO ilizipendekeza Novemba 2021 kwa watoto waliolazwa kwa MIS-C, ni za bei nafuu.

Naomba waraka wa ukurasa mmoja. Mtoto wa umri wowote mwenye homa ya siku tatu, asiye na malaria, mwenye macho mekundu, vipele, au tumbo linalouma na kutapika, mzazi wake aulizwe: nyumbani kuna aliyeugua mafua makali au UVIKO ndani ya wiki sita? Apimwe presha na mapigo. Dalili zikikutana, apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda penye kipimo cha moyo.

Na waraka huo, Ndugu Mganga Mkuu, usiishie ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ubandikwe ukutani zahanati, mezani pa anayempokea mtoto.

Wako,
Mwandishi na mzazi