Faili zisizokaguliwa ni mwanya hatari katika ofisi za umma

OFISI za umma mjini Kitui na Wote, kama kwingineko nchini, huhifadhi rekodi za wananchi katika kompyuta. Lakini kinga ya rekodi hizo yaweza kubomolewa na jambo dogo: orodha ya faili ambazo programu ya kukabili virusi imeagizwa isizikague.

Orodha hiyo haikubuniwa bure. Aprili 21, 2010, programu ya McAfee ilidhania faili halali ya Windows XP kuwa virusi, na kompyuta nyingi duniani zikakwama. Fundi anayeona programu ya kazi ikizuiwa kimakosa hana budi kuisamehe.

Hatari huzuka anaposamehe folda nzima ili kuepuka usumbufu. Virusi vikijipenyeza humo havitaguswa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtwika anayehifadhi habari za watu jukumu la kuzilinda. Basi kila msamaha utaje faili moja, sababu na tarehe ya kukoma, na uidhinishwe na mkubwa wa fundi. La sivyo, atakayeumia ni mgonjwa wa Mwingi au mkulima wa Kibwezi, ambaye hakuulizwa lolote.