MTI WA KUAGIA SHULE

Bwana Mhariri,

Kila mwaka Kidato cha Nne huacha mti shuleni. Safari hii wenzangu wengi wanataka mjakaranda mbele ya bweni. Maua yake yanapendeza, sikatai. Lakini hayaliwi, na sisi wa bweni twajua uji na maharage tu.

Mimi nataka miembe mitatu ya kupandikizwa. Mwembe wa kokwa waweza kukawia miaka 6 na zaidi bila kuzaa; wa kupandikizwa huanza baada ya miaka 3 hadi 5. Basi mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza mwakani huenda akala embe kabla hajaondoka. Tuipande mbali na mabati, tupate kulala.

Bogenvilia iwekwe kando ya ofisi, kwani hustahimili kiangazi. Ila ua wa mnyaa uwanjani ung'olewe: utomvu wake hudhuru macho, na mpira huangukia humo kila siku.

Wasemao kwamba maembe yataibwa mabichi wasema kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kuwamo katika wizi huo. Kura itapigwa kabla ya vuli. Mashimo matatu nimekwisha kuyachimba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne