Manyasi ya Kinangop Yasilimwe Yote
Huko Kinangop yuko ndege mdogo mwenye mgongo wa kahawia na kifua cha manjano, ambaye wenye elimu ya ndege humwita Macronyx sharpei. Hapatikani katika nchi nyingine yo yote ila Kenya. Hutafuta wadudu katika majani mafupi, na kiota hukijenga chini, penye mashina ya manyasi magumu. Shamba la viazi halimfai, wala kivuli cha mikaratusi.

Tangu mashamba makubwa yalipogawiwa wananchi, miaka ya 1960, malisho mengi yamelimwa. Si haki kumlaumu mkulima. Viazi na kabichi hulipa karo. Ndege halipi kitu. Lakini mashamba mengi yana upande wenye maji mengi, ambapo viazi huoza. Kwa nini kuulima huo pia? Yafaa uachwe uwe malisho. Kondoo na ng'ombe walishwe hapo kwa kiasi, na yale mashina magumu yasichomwe wala kung'olewa yote, ijapokuwa ng'ombe hawayapendi. Mwenye mifugo mingi na apande majani ya kulishia katika sehemu iliyokwisha kulimwa, ili malisho yasiliwe mpaka udongo uonekane. Mikaratusi ipandwe penginepo, si katikati ya malisho.

Wako watakaosema kuwa ndege ni shauri la Serikali. Malisho hayo si ya Serikali. Chama cha Nature Kenya kimenunua ardhi kidogo huko kwa ajili ya ndege huyu. Sehemu kubwa iliyosalia ni ya wakulima wenyewe.