Jenereta mlangoni mwa hema: hatari tuliyoizoea Garissa na Tana River

Ukivuka daraja la Mto Tana kutoka Madogo, unatoka Pwani na kuingia Garissa. Upande huu ni Kaunti ya Tana River, upande ule ni Kaskazini Mashariki, lakini watu ni wale wale sokoni na mafuriko ni yale yale. Stima ikipotea, mlio unaosikika pande zote mbili ni mmoja: jenereta. Duka la simu lina yake, bucha ina yake, msikiti una wake mtambo, na hema la harusi halikamiliki bila jenereta pembeni.

Tunalalamika sana kuhusu ukosefu wa stima, na ni haki yetu. Tusichokizungumzia ni mashine tuliyoiweka badala ya stima, na mahali tunapoiweka. Jenereta ndogo ya petroli ikiwashwa ndani ya kontena, nyuma ya hema au ubavuni mwa trela wanamolala watu, inaweza kuua familia nzima kabla hata mmoja wao hajaamka. Naona kaunti zetu zina uwezo wa kuzuia vifo vya aina hiyo kwa gharama ndogo, na hazina sababu ya kungoja maafa.

Jua lipo, petroli ndiyo inayowaka

Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mtambo wa sola wa takriban megawati 50 nje ya mji wa Garissa. Mgeni angedhani mji huo umeachana na jenereta. Lakini stima ya mtambo huo inaingia kwenye gridi ya taifa, na jua likizama uzalishaji unasimama. Mwenye duka Garissa anategemea gridi ile ile anayoitegemea mwenye duka wa Mombasa. Gridi ilipoanguka usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu yote iliingia gizani, na hata baadhi ya sehemu za uwanja wa ndege wa JKIA zilikosa taa kwa saa kadhaa baada ya jenereta kukataa kuwaka.

Ukisonga mbele zaidi, gridi yenyewe haipo. Wajir na Mandera zimeendeshwa kwa vituo vya dizeli kwa miaka mingi. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, mwenye jenereta huwauzia jirani zake stima kwa waya zinazopita juu ya mabati na mahema. Serikali ilianzisha mradi wa KOSAP, kwa mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2017, ili kupeleka sola katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Tano kati ya hizo ni za Pwani: Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Kwa hivyo msomaji wa Kipini au Kinango asidhani haya ni ya jirani tu.

Kisha yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na mengine Aprili na Mei 2024. Watu wa Garissa na Tana River walihamia kwenye mahema. Penye mahema kuna simu za kuchajiwa, dawa za kuwekwa kwenye friji na taa za kuwashwa usiku. Jenereta ikafuata watu walikokwenda.

Gesi isiyoonekana

Moshi wa jenereta una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa hali kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Hapa kwetu dalili hizo zina majina tayari: malaria, joto, uchovu wa safari. Mtu anameza dawa mbili za maumivu na kulala, na usingizi huo ndio unaomaliza.

Kuna ishara moja ya kushika. Ikiwa watu wote wa hema moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, hiyo si malaria. Watoeni wote, zimeni mashine kama inawezekana bila kuvuta moshi, na muende hospitali. Muelezeni daktari kwamba kulikuwa na jenereta, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini.

Huko Marekani, ambako watu wengi huvuta trela za kupiga kambi na kubeba jenereta ndogo, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa inasema takriban watu 100 hufa kila mwaka kwa gesi hii kutoka kwa jenereta. Ushauri wao ni mwepesi: iwe nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na dirishani, na bomba la moshi lielekee mbali na watu. Sisi trela za watalii ni chache, lakini tuna ndugu zake: kontena zilizogeuzwa ofisi na maduka, kliniki tembezi, na lori ambalo dereva na utingo wake wanalala njiani. Kufungua dirisha hakutoshi. Pia upepo ukigeuka usiku, moshi uliokuwa ukienda porini unarudi hemani.

Kwa nini watu huiweka ndani

Si ujinga. Jenereta ikiachwa nje usiku, asubuhi huenda isiwepo. Mvua na vumbi zinaiharibu. Waya mrefu ni ghali, na petroli yenyewe haishikiki: kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei, Mombasa huwa miongoni mwa miji yenye bei nafuu zaidi na Mandera huwa juu kabisa. Mwenye duka anayehesabu kila lita hawezi kuambiwa tu "kuwa mwangalifu". Anahitaji njia anayoimudu.

Njia ipo. Mnyororo na kufuli kwenye nguzo iliyozikwa ardhini. Kibanda cha mabati chenye paa tu na pande zote wazi, mita 6 au zaidi kutoka wanapolala watu. Waya mmoja mnene wa kutumika nje, usiopita kwenye maji. Mashine izimwe na ipoe kabla ya kujazwa petroli, na mtungi wa petroli usikae hemani wala karibu na jiko.

Lipo pia lile la waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya nyumba ili jenereta iwashe taa zote. Waya huo unarudisha stima kwenye laini ya mtaani, na transfoma inaipandisha nguvu. Fundi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti akidhani laini imekufa, anauawa na jenereta ya mtu aliye ndani akitazama mpira. Dawa yake ni swichi ambayo mafundi huiita chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kazi ya kaunti

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga. Kaunti ndizo zinazotoa vibali vya biashara. Basi afisa anayekagua kontena la duka au ukumbi wa mahema aulize swali moja zaidi: jenereta inakaa wapi? Kibali kisitolewe ikiwa jibu ni "ndani". Swali hilo halihitaji bajeti mpya.

Mashirika yanayogawa mahema nayo yapange kambi yakijua jenereta itakuja. Sehemu moja ya mashine yenye mlinzi, mbali na mahema, na waya za kuchajia simu zikitoka hapo, ni nafuu kuliko jenereta ishirini kila moja mlangoni mwa mwenyewe. Penye kliniki tembezi, kiwekwe kifaa cha kunusa gesi hii na kupiga kengele.

Na maimamu wetu, ambao sauti zao hufika kabla ya barua ya kaunti, watenge dakika tano baada ya sala ya Ijumaa. Mvua za vuli na za masika zitarudi, na mahema yatasimamishwa tena kandokando ya Tana. Nguzo ya kufungia jenereta izikwe siku hiyo hiyo hema linaposimamishwa.